Bahati Isijue Umerudi

Siku Kiherehere aliporudi kutoka shule ya bweni kwa likizo ndefu, alipokewa kwa heshima zote anazostahili mtu aliyekula maharage ya shule muhula mzima na bado anapumua. Mama, ambaye ni muuguzi, alimkumbatia huku akimpima homa kwa kiganja. Bibi alimzungushia vidole viwili mkononi, akatangaza kwamba walipeleka mtoto mzima na shule imewarudishia nusu. Baba aliacha cherehani ikiwa imeng'ata suruali ya mteja, akatoka karakana mbiombio, akafungua mikono yote miwili. Kisha ghafla akaishusha.

"Mnafungua lini?" akauliza.

"Baba! Sanduku lenyewe bado liko kichwani."

"Nauliza tu, mwanangu. Mzazi haruhusiwi kuuliza?"

"Likizo ni ndefu, Baba. Hata mashindano yataisha nikiwa bado nipo."

Baba akamtazama Mama. Mama akamtazama Bibi. Bibi, ambaye katika nyumba ile hana mkubwa wa kumtazama, akatazama dari.

"Karibu nyumbani," Baba akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

Ili kuielewa huzuni hii ni lazima kuijua timu ya taifa. Miaka yote ya utoto wa Kiherehere, timu ile ilifungwa kwa uaminifu mkubwa. Ilifungwa ugenini kwa sababu ya uchovu wa safari, ikafungwa nyumbani kwa sababu ya kuzoea uwanja, na kuna siku ilijifunga yenyewe, pengine ili kuwapunguzia wageni kazi. Familia iliipenda hivyohivyo, kama watu wanavyompenda ndugu mlevi: kwa aibu, na kwa kumtetea mbele za watu. Kiherehere alikulia ndani ya mapenzi hayo, akiwa amebanwa kati ya Baba na mkono wa kochi, mahali ambapo sponji ilikuwa imebonyea kwa umbo lake.

Kisha akachaguliwa kwenda shule ya bweni. Na timu, bila haya, ikaanza kushinda.

Ikawafunga majirani. Ikawafunga wale wakubwa ambao zamani hata kupeana nao mkono kulitosha kuwa mafanikio. Ikafuzu mashindano. Nchi nzima ilisema ni kocha mpya, lakini nyumba ile ilijua zaidi. Siku ya ushindi wa kwanza kila mtu alikuwa mahali fulani, na Mjomba, ndugu yake Mama, ambaye ni kinyozi na kwa hiyo ana jibu la kila jambo, akatoa kanuni: "Timu inayoshinda haibadilishwi. Na sisi pia ni timu." Tangu hapo, ulipokuwa siku ya ushindi ndipo ulipo siku ya mechi.

Baba siku ile alikuwa kwenye kochi na futi yake ya kupimia nguo shingoni, kwa hiyo hakai tena bila futi. Mama alikuwa amesimama karibu na pazia akipiga pasi sare yake ya kazi. Basi kila mechi Mama hupiga pasi, na kwa kuwa sare huisha upesi kuliko mpira, kipindi cha pili hupiga pasi foronya, taulo, na leso moja ya Mjomba ambayo sasa imekuwa bapa kama karatasi. Mjomba mwenyewe alikuja mbio kutoka saluni, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kiatu kimoja mguuni na kingine kimemponyoka mlangoni. Kiatu hicho hakijawahi kuruhusiwa kuona mechi. Na Bibi siku ile alikuwa amenuna, kwa sababu ambayo hakuna anayeikumbuka, akawa ameipa televisheni mgongo. Nuno liliisha, mgongo ukabaki. Bibi aliifuata timu ya taifa safari yote ya kufuzu akiwa ameukodolea macho ukuta, na husema kwamba ukuta ule umecheza vizuri sana.

Na pale penye shimo la Kiherehere, Baba alikuwa ameweka kikapu cha vipande vya vitambaa. Kikapu kikapata cheo.

"Na mimi?" Kiherehere aliuliza asubuhi ya mechi ya kwanza, akiwa amesimama mbele ya kochi kama abiria aliyekuta mtu kwenye kiti chake.

"Siku ile ya ushindi wewe ulikuwa wapi?" Mjomba akauliza kiwakili.

"Shuleni."

"Umejijibu, mpwa wangu."

"Lakini sasa niko hapa!"

"Ndilo tatizo lenyewe. Sisi tunajua uko hapa. Bahati bado haijaambiwa."

Ikaamuliwa kwamba mechi zote akae karakana, kile chumba cha mbele ambamo Baba hushonea, na pazia la sebuleni lifungwe. Kiherehere alidhani udhalimu umefika mwisho wake, mpaka Bibi alipoongeza neno.

"Avae na sare."

"Bibi!"

"Mke mwenzangu, sikiliza. Bahati ni mzee kama mimi, macho yake si mazuri. Ikipita ikaona sare na kitabu, itasema, aa, huyu yuko shuleni, kisha itaendelea na safari yake."

"Na tai," akasema Baba, ambaye kwa mambo ya mavazi hapendi kazi ya nusunusu.

Ndiyo maana alasiri ya mechi ya kwanza, katika joto la kuyeyusha mshumaa, binti wa watu alikaa kwenye kigoda akiwa na sketi, shati, soksi hadi magotini na tai, kitabu cha historia mapajani, akizungukwa na makoti yasiyo na mikono. Nchi nzima ilikuwa likizo. Mwanafunzi mmoja tu alikuwa darasani, na darasa lake lilikuwa na cherehani.

Sasa, mtu aliyepewa jina la Kiherehere tangu anatambaa, kwa sababu ya kuingilia mambo kabla hajaitwa, hafungiwi chumbani bila hasara. Juu ya rafu ya nyuzi palikuwa na redio ya Baba. Kiherehere akaifungua kwa sauti ndogo, kwa nia njema kabisa. Mtangazaji akapanda, akapanda, akapasuka.

"Baooo!" Kiherehere akaruka, kitabu cha historia kikaenda chini ya meza.

Sebuleni pakawa kimya.

"Bao gani?" ikaja sauti ya Baba. "Mpira anao kipa wetu!"

Na kweli, kwenye televisheni mpira alikuwa nao kipa. Akautupa kwa beki, beki akampa kiungo, na wakati wote huo familia ilikuwa imekaa imekunja uso, ikisubiri kitu ambacho tayari imeambiwa. Bao lilipoingia hakuna aliyeruka. Kilichofika sebuleni hakikuwa bao tena. Kilikuwa taarifa.

Mjomba akachungulia karakana, mguu mmoja ukiwa na soksi tu. "Umejuaje?"

"Elimu, Mjomba," Kiherehere akajibu, redio ikiwa imekaliwa.

Siri yenyewe ilikuwa ndogo. Redio husema papo hapo. Televisheni, kwa sababu ya king'amuzi, huchelewa kidogo, kama mtu anayeitwa chakula akajibu anakuja. Katika upenyo huo mdogo Kiherehere akafungua ofisi ya unabii. Mechi ya pili akawa anatangaza kupitia pazia, kwa upole wa kasisi: "Kona hii haina kitu, Mama, endelea na foronya." Baada ya muda kona ikapigwa, ikawa haina kitu. "Mjomba, usisimame, huyu anapaisha." Akapaisha. Mjomba akaanza kuamini kwamba mpwa wake ana kipaji, akataka hata kumuuliza habari za mpangaji mwenzake wa saluni. Nabii alipoona imani imekomaa, akatangaza bao ambalo halikuwapo. Mjomba akarukia juu, ndoo ikamkimbia, naye akashukia makalio katikati ya nguo zilizopigwa pasi.

Katika kimya kilichofuata, sauti ndogo ya mtangazaji ikapenya pazia. Baba aliinuka, akaenda karakana, akarudi na redio kwapani. Aliiweka juu ya kabati la nguo, mahali ambapo nyumba ile huweka vitu vilivyohukumiwa.

Lakini timu ilishinda mechi ile pia. Ikashinda na ya robo fainali.

"Mnaona?" Bibi aliuambia ukuta. "Sare inafanya kazi."

Hapo ndipo mzaha ulipoanza kumchomea Kiherehere vidole. Kila bao la vijana wetu lilikuwa kufuli jingine kwenye mlango wake. Mechi ya robo fainali, bila redio, alikuwa akisikiliza nyumba: vigelegele vya Mama, kishindo cha ndoo, Baba akiita "Mama watoto, umeona? Umeona?" Wageni walipopiga mwamba, sebule nzima ilipiga yowe la hofu, na moyo wa Kiherehere, kwa nusu ya pigo, ukatamani mpira ungeingia. Alishtuka kama mtu aliyejikuta na mkono kwenye mfuko wa mwenzake. Akaokota kitabu cha historia, akasoma ukurasa mzima kwa toba.

Asubuhi ya nusu fainali alimkuta Baba ameinamia kitambaa cha koti, chaki mkononi na pini zimepangwa midomoni.

"Baba. Leo nikae na nyie."

Baba akatoa sauti ya pini.

"Nitakaa kimya. Hata chini nitakaa."

Baba akachomoa pini moja moja, akazichoma kwenye kibweta cha sponji, polepole, kama mtu anayetafuta muda. "Mwanangu, ni nusu fainali. Nchi nzima inasubiri."

"Kwani mimi siko nchini?"

"Sikusema hivyo."

"Nikirudi bwenini watakaponiuliza niliona nini, niseme nini? Niseme niliona makoti?" Alitaka iwe utani, lakini sauti ilimgeuka. "Muhula mzima, taa zikizimwa, nilikuwa najipangia ile sebule kichwani. Wewe huku, mkono wa kochi huku. Sikujua kwamba katikati pana kikapu."

Baba alikaa kwenye cherehani, akakanyaga, na kwa mara ya kwanza tangu Kiherehere amjue, akashona mstari uliopinda. Akaufumua bila kuinua macho.

Alasiri, sare ilikuwa imepigwa pasi tayari na imetundikwa mlangoni. Kiherehere aliivaa, na tai. Mechi ilipokaribia kuanza, pazia lilisogea, Bibi akaingia na kitu chenye kona ndani ya mtandio wake.

"Ya juu ya kabati," akanong'ona, akaiweka redio juu ya meza ya kukatia. "Umepandaje wewe bibi kizee, usiniulize. Lakini mdomo uwe umefungwa. Hata nchi ikichukuliwa na maji, sitaki kusikia."

"Ndiyo, Bibi."

"Na tai imekaa upande." Akainyoosha, akarudi kwa ukuta wake.

Kiherehere alitimiza ahadi, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Vijana wetu wakafunga, karakana kimya. Wageni wakasawazisha, karakana kimya. Muda ukaisha, nyongeza ikaisha, ikawa wanakwenda kwenye mikwaju ya penalti. Sebuleni Mama alikuwa amepiga pasi hata kitambaa cha meza kikiwa bado mezani. Na kule nyuma ya pazia, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, hakuna hata chafya.

"Mbona yuko kimya?" Mjomba akauliza.

"Nimemsahau kabisa," akasema Baba, ambaye kwa dakika nyingi hakuwa ametazama kitu kingine zaidi ya lile pazia.

"Yule akiwa kimya anajua kitu. Shemeji, huyu mtoto anajua kitu!"

Pazia likafunguka. "Natafuta mkasi," Baba akasema.

"Uko mkononi mwako, Baba."

Baba akautazama mkasi kama ameletewa na mtu. Akaiona redio. Kiherehere akangoja hukumu, lakini Baba alisogeza tu rundo la suruali, akaketi ukingoni mwa meza. "Yule wa kwanza ameshapiga?"

"Amefunga. Ni wa kwao. Sasa anakuja wetu."

"Huko kwetu ndiyo kwanza wanapanga mstari. Siwezi kusubiri mara mbili." Akalegeza futi shingoni. "Nasikiliza mmoja tu, halafu narudi mahali pangu."

Hakurudi. Punde Mjomba akaja akirukaruka kwa mguu mmoja, akidai amekuja kumwita shemeji yake. Mama akaja na pasi mkononi, waya unaburutika nyuma kama mkia, akisema haiwezekani wote wawe huku yeye abaki anakiangalia kikapu. Mwisho akaja Bibi na kiti chake. Akakiweka, akakizungusha aipe redio mgongo, kisha akasita.

"Redio kisogo chake kiko wapi?"

Hakuna aliyejua. Bibi akaketi kiubavu.

Wakasikiliza hivyo, vichwa vimeinamishwa kama watu wanaoota moto. Wetu akafunga, wao wakafunga. Mama alimshika Kiherehere bega kwa mkono usio na pasi. Mkwaju wa mwisho ukawa wetu: ukiingia, tunaendelea kupigiana, usipoingia, basi. Mtangazaji akasema anauweka mpira. Akasema anarudi nyuma. Akasema anakuja, anakuja, anapiga...

Umepaa juu ya mwamba.

Kutoka sebuleni, ambako hakukuwa na mtu, ikasikika televisheni ikiendelea na matumaini yake. Kule, mchezaji alikuwa bado anauweka mpira. Kule, uwanja ulikuwa bado unaimba.

"Ngojeni!" Mjomba akaruka. "Huyu wa televisheni anaweza kufunga!"

Akatoka mbio, soksi ikiteleza sakafuni. Wakamsikia akisimama. Wakamsikia akisema, "Taratibu, kijana wangu, taratibu." Kisha akarudi polepole, akaegemea mlango.

"Naye amepaisha," akasema.

Sasa ulibaki wakati ambao familia ile iliujua vizuri, wakati wa kumtafuta mwenye kosa. Katika maisha yake nyumba hiyo imewahi kulaumu mvua, rangi ya pazia, paka wa jirani na mgeni aliyekataa chai. Kiherehere alihesabu ushahidi haraka. Leo wote walikuwa wameacha mahali pao. Aliyebaki kwenye kigoda chake, kwa sare na tai, alikuwa yeye peke yake. Lakini kila mtu alijua pia kwamba siku ya ushindi wa kwanza yeye alikuwa mbali, na leo yuko hapa, bega lake mkononi mwa mama yake. Alikuwa ameandaa utani wa kujitetea, mzuri tu, wenye mfano kutoka kitabu cha historia. Badala ya kuutoa, akaishika tai.

Baba alimtazama bintiye. Alitazama jasho lililolowesha kola, na ile tai iliyonyooka. Akakohoa.

"Refa," akasema.

"Refa?" Mama akauliza.

"Refa."

Redioni, mtangazaji alikuwa ndiyo kwanza anamsifu mwamuzi wa siku hiyo kwa kuchezesha kwa haki isiyo na doa. Baba akanyoosha mkono, akaizima.

Mama akamtazama mumewe, akaelewa. "Mimi nilimwona tangu wimbo wa taifa," akasema. "Alivyosimama tu, nikajua."

"Refa gani ana kichogo kile?" Mjomba akadakia. "Mtu ambaye hajawahi kunyolewa vizuri hawezi kutenda haki."

"Mimi sikumwona," Bibi akasema, "lakini mgongo wangu ulimhisi."

Wakamchambua refa yule mpaka akabaki mifupa. Kiherehere aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari, akakaa chini huko muda mrefu kidogo.

"Na wewe," Mama akasema juu ya kichwa chake, "vua hiyo sare. Unaichakaza bure, na shule haijafunguliwa."

Jumamosi palikuwa na mechi ya kumtafuta mshindi wa tatu. Kiherehere aliingia sebuleni kwa nguo za nyumbani, taratibu, kama anayepima maji ya mto. Mama alikuwa mahali pake, na pasi. Bibi alikuwa na ukuta. Mjomba alikuwa juu ya ndoo, kiatu kimoja. Kwenye kochi, kati ya mahali pa Baba na mkono wa kochi, palikuwa na shimo tupu.

"Baba yuko wapi?"

"Karakana," Mama akasema, akaikazania foronya kwa bidii isiyo ya kawaida. "Ana kazi ya dharura."

Kiherehere akachungulia. Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya kigoda, pini midomoni. Juu ya kigoda palikuwa na kikapu cha vitambaa, nacho kilikuwa kimevaa shati la shule, sketi ya shule, na kwa ustadi wa fundi asiyependa kazi ya nusunusu, tai. Mbele yake palikuwa na kitabu cha historia, kimefunguliwa.

"Baba?"

"Tahadhari tu," Baba akasema katikati ya pini, bila kugeuka.

"Si ulisema tatizo ni refa?"

"Refa ni tatizo. Lakini na bahati nayo tusiishtue."

Kiherehere akakizunguka kikapu, akakikagua kama mkaguzi wa bweni. Alitafuta kosa, asilione. "Sasa kama ni rahisi hivi, kwa nini hukukileta huku tangu mechi ya kwanza? Kingekaa hapa, mimi ningekaa kule."

Baba akachoma pini ya mwisho. Akanyoosha kola ya kikapu, akarudi nyuma kidogo kuitazama.

"Kilikuwa na kazi," akasema. "Kilikuwa kinakushikia nafasi."

Kutoka sebuleni Mjomba alipiga kelele kwamba timu zinaingia uwanjani na nchi inaangamia. Baba akajitia kutafuta futi yake, ambayo ilikuwa shingoni, akatoka. Kiherehere alimfuata mpaka kwenye pazia, kisha akarudi mara moja. Baba alikuwa amekiweka kitabu juu chini, naye akakigeuza. Bahati haioni vizuri, sawa, lakini huenda inajua kusoma.